Mstari wa Wategemezi

Glenwood, Durban
Jumamosi mchana

Mwanangu Mghoi,

Mama Furaha atakushika pale saluni kwake Sydenham mpaka saa kumi na moja jioni, namjua. Nywele ndogo ndogo ulizotaka hazisukwi upesi, na yeye mikono ikifanya kazi mdomo nao haukai bure. Mkawasi wetu mdogo amelala chumbani kwako, amekumbatia begi lako la mkononi. Kwa hiyo nina saa nne hivi za kusema kweli, na sikumbuki lini nilipata nyingi hivyo kwa mpigo mmoja.

Uliniomba kitu kimoja tu. Jumatano ulisimama mlangoni na kikombe cha chai ukaniambia, "Baba, niandikie karatasi moja ya mambo ya kodi ya huko Kanada. Moja tu. Usinihutubie." Nilicheka. Mimi ndiye ninayefundisha watu hesabu chuoni, kwangu ndiko Wakenya na Wakongomani wa mji huu wanakobisha hodi na bahasha zao za serikali, na niliishi hukohuko, Winnipeg, miaka minane nikilipa kodi kila mwaka. Nani mwingine angekuandikia?

Basi karatasi yenyewe ndiyo hii. Habari za koti, za viatu vizito, za kupiga simu ukifika, utaambiwa kesho uwanja wa ndege na akina mama wa kanisani, wote kwa pamoja. Mimi huko nitanyamaza.

Jaza fomu kila mwaka kabla Aprili haijaisha, hata kama hukupata senti. Wageni wengi hudhani asiye na kipato hana la kuandika. Kule mwenye kipato kidogo hurudishiwa kitu kidogo mara kadhaa kwa mwaka, kwa ajili ya ile kodi anayotozwa dukani, lakini asiyejaza fomu hajulikani kama yupo. Halafu kuna punguzo na kuna nafuu, na watu huzichanganya. Punguzo hukatwa kwenye mapato kabla kodi haijapigiwa hesabu: ada ya chama cha wafanyakazi, akiba ya uzeeni, malipo ya mtu anayekutunzia mtoto ukiwa kazini. Nafuu hukatwa kwenye kodi yenyewe, hesabu ikishapigwa. Kuna nafuu ya kuwa mtu tu, hiyo kila mmoja anayo. Kuna ya ada ya chuo, kuna ya sadaka kama una risiti ya kanisa lililosajiliwa, kuna ya mume au mke unayemlisha. Zamani zangu mengi yalikuwa mapunguzo. Walibadilisha mwaka ule nilioondoka, na mambo ya sasa nayajua kwa vitabu vya maelezo ambavyo rafiki mmoja hunitumia, kwa hiyo hakikisha mwenyewe.

Na pesa utakazotuma nyumbani hazimo. Mimi simo. Baba aliye nje ya nchi si mtegemezi, hata awe anakula kwa mkono wako. Utapanga foleni kila mwisho wa mwezi kututumia, na fomu haitakuwa na nafasi ya kulisema hilo. Nilipoligundua nilikasirika sana, nikaona ni dharau. Siku hizi naona fomu ile ilinizidi adabu, maana angalau iliuliza. Ukiondoa tarakimu zote, inachokuuliza kila mwaka ni kimoja tu: una nani, nani anakutegemea, wataje.

Nilipofika kwenye mstari huo wa wategemezi kalamu ilisimama. Ilikuwa Jumatano ileile, wewe umeshatoka. Nikauteremsha ule mkebe wa biskuti ulio juu ya kabati, wenye nakala za fomu zangu za zamani, nikitaka kukuonyesha mfano. Nikazitandaza mezani. Sita za mwanzo zinafanana. Palipoulizwa hali ya ndoa nimetia alama: sijaoa. Mstari wa mke ni mtupu. Sehemu ya watoto ni tupu. Ulikuwa na miaka minne nilipojaza ya kwanza, Mghoi. Ulikuwa na jina, ulikuwa na meno yako yote, na mama yako alikuwa ameniandikia kwamba umejifunza kufunga kamba za viatu.

Umekua ukiijua hadithi moja. Kwamba niliomba wewe na mama yako mje, Wakanada wakatunyima, na mama yako akafa akingoja. Umeisimulia shuleni. Nimekusikia ukimsimulia hata Mama Furaha, naye akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Eh, bale bazungu, roho yao mubaya," nami nikakohoa nikatoka nje eti navuta hewa. Hadithi hiyo niliitunga mimi, na nimekaa nayo miaka kumi na moja. Sikiliza ilivyokuwa.

Mwezi wa tatu watu wa kujitolea walikuwa wakikaa katika chumba cha chini cha kanisa kimoja kule Winnipeg, wakiwasaidia wageni kujaza fomu za kodi bure. Wangu alikuwa Bi Marta, mwalimu mstaafu, mwenye miwani ya kamba. Aliniuliza, "Umeoa?" Swali lenyewe jepesi. Lakini mimi nilikuwa nimepeleka kwa kina mama yako mitamba mitatu na mbuzi, ikabaki mitamba miwili ya mahari. Siku ya kuniaga wajomba zake walisimama mbele ya watu wakanitania: wewe bado hujaoa, umeazimwa tu. Watu wakacheka. Kwetu utani huo ni wa kawaida, hata mwenye wajukuu huambiwa bado anadaiwa. Cheti cha kanisa hatukuwa nacho, cha serikali hatukuwa nacho. Kwenye kibali changu cha masomo nilikuwa nimeshaandika kwamba ni kapera. Nikamwambia Bi Marta, bado. Nikajiambia nimesema walichosema wajomba.

Hiyo ya kwanza naweza kujisamehe, siku nikiwa na moyo mzuri. Lakini mwaka wa pili nilikuwa nimesoma kitabu cha maelezo mwanzo mpaka mwisho, si unanijua. Nilijua kwamba mke aliye mbali anahesabika, mradi ni mke wako na wewe ndiye unayemlisha. Risiti za pesa nilizotuma kwa posta nilikuwa nazo zote, kwa tarehe. Kodi yangu ingepungua. Mtu bahili kama mimi, ninayezima taa ya bafuni mtu akiwa ndani, niliiachia serikali pesa zangu mwaka baada ya mwaka. Jiulize kwa nini.

Kulikuwa na mwanamke. Sitamtaja, hakuwa na kosa, yeye naye nilimdanganya. Lakini hata yeye si sababu yote. Sababu ni kwamba nilipenda. Nilipenda kuwa mtu asiyedaiwa na mtu. Kila mwaka Bi Marta aliniuliza akicheka, "Bado tu? Na wasichana wote hawa?" Nami nilicheka naye, na kwa dakika ile sikuwa na mitamba miwili, sikuwa na wajomba, sikuwa na mke anayeniandikia kwa penseli kwa sababu kalamu imekwisha wino. Nilipopewa karatasi za ukaaji wa kudumu niliandika vilevile. Fomu moja ikawa shahidi wa nyingine.

Mwaka wa sita mama yako aliandika barua fupi. Alikuwa ameanza kukohoa. Alisema amechoka kuwa mke wa barua. "Tuite au urudi," aliandika, na chini kabisa, baada ya salamu, akaongeza, "Umewaambia kwamba una mke?" Sikumjibu. Barua zangu zilizofuata zilijibu kila kitu, bei ya mahindi, bati la jikoni, sare yako ya shule. Swali lile nililiruka kila mara, naye hakuuliza tena.

Nilikwenda kwa Bi Marta nikamweleza. Aliweka kalamu chini akavua miwani. Laiti angenigombeza. Aliniuliza jina la mama yako, akaniomba nilitaje tena polepole ili aliandike. Mkawasi. Ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kuandikwa kwenye karatasi yoyote ya nchi ile, na mkono ulioliandika haukuwa wangu.

Upande wa kodi haukuwa mgumu. Kule unaruhusiwa kurudi nyuma ukasahihisha fomu za miaka kadhaa. Tulituma barua ya chifu, barua ya mchungaji, na zile risiti za posta. Upande wa uhamiaji, nilikoomba mje, ulikuwa mwingine. Waliniita wakapanga karatasi zangu mezani, moja baada ya nyingine, zote zina saini yangu, zote zinasema sijaoa. Afisa akaniuliza, "Tukuamini lini, wakati ule au sasa?" Hakuwa mtu mbaya. Ningekuwa mimi ningeuliza hivyohivyo. Faili likawekwa pembeni mpaka wathibitishe kutoka Kenya, na huko pembeni likakaa mwaka na zaidi.

Mama yako alikufa Novemba. Sisemi kwamba Winnipeg wangemponya, mimi si daktari. Nasema alikufa akingoja jibu la swali aliloniuliza mimi, si wao. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja na ndiwe uliyemshikia kikombe. Hilo niliambiwa na bibi yako, na sitaki uniambie zaidi.

Nauli ya kuja kumzika sikuwa nayo. Wiki mbili baada ya maziko ikaja bahasha ya kodi. Walikuwa wamekubali. Ndani mlikuwa na hundi, marejesho ya miaka waliyoisahihisha, kwa sababu mlipaji huyu alikuwa na mke na mtoto waliomtegemea. Serikali ile ilimtambua mama yako kuwa mke wangu, kwa maandishi, akiwa ameshalala ardhini siku kumi na nne. Kwa hundi hiyo ndiyo nilinunua tiketi ya kuja kukuchukua. Vile viatu vyeusi nilivyokuletea, ulivyovivaa mpaka vikakukata visigino, vilitoka humohumo. Ulinishukuru sana. Mpaka leo nikiona viatu vya mtoto dirishani mwa duka navuka barabara.

Sasa nije kwa Mkawasi wetu.

Nchi hii ilipoacha ubaguzi ikafungua milango, tulihamia kutoka Kenya, mimi na kazi yangu ya chuo, wewe na chuo kikuu hapo juu. Mwaka wako wa pili uliniambia una mimba, na kwamba kijana amehama chumba chake cha Berea bila kuacha anwani. Sikupiga kelele. Nilijivunia sana kwamba sikupiga kelele. Nilifanya kama wanavyofanya kwetu, mtoto wa binti asiyeolewa ni wa nyumba ya baba yake. Nikasema, "Huyu ni wangu. Wewe soma." Tukampa jina la mama yako kama desturi inavyotaka. Kanisani nikaitwa Baba Mkawasi, wewe ukawa dada. Nilidhani nimekuokoa, na kwa sehemu nilikuokoa. Ulimaliza masomo, umepata kazi yako ya kompyuta, na sasa Wakanada wanakutaka kwa sababu wanaogopa kompyuta zao zitakwama mwaka elfu mbili ukiingia. Hilo sitajinyima.

Lakini mwaka jana ulileta fomu zao hapa mezani. Ulijaza kila kitu mwenyewe, ukafika kwenye mstari wa watoto ukasimama. Ukaniuliza, "Baba, hapa niandike nini?" Ulikuwa hunitazami. Nimeukumbuka uso wako ule tangu Jumatano. Ulikuwa ukiniomba ruhusa ya kuandika jina lake, sivyo? Nami sikuinua macho kutoka kwenye gazeti. Nilisema, "Andika sifuri. Huyo ni wangu." Ukaandika sifuri, ndogo sana, kama mtu anayetumaini haitaonekana.

Sikufikiri hata dakika moja. Hicho ndicho kinachonitisha. Niliitoa kama mtu anavyotoa salamu, kwa sababu nilikuwa nimeshaitoa mara sita.

Jumanne iliyopita nilimpeleka Mkawasi akasukwe, maana alilia kwamba naye anasafiri. Mama Furaha alimkalisha juu ya mto, akampa biskuti, akaanza kumchana. Kisha akanitazama kwenye kioo.

"Papa Mkawasi, huyu mutoto iko na uso ya Mghoi, kabisa kabisa. Unatudanganya juu ya nini?"

"Ni dada yake," nikasema. "Lazima wafanane."

"Eish, Papa." Akaendelea kusuka. "Mimi nilifika hapa na batoto bane. Batatu ni bangu, mumoja ni wa dada yangu mwenye alikufa kule Bukavu. Ule muntu wa ofisi akaniambia, mama, andika batatu tu, itakuwa rahisi. Nikamuambia hapana, naandika bote. Juu mwenye haiko ku karatasi, siku moja batamuacha ku mupaka."

Akainama kwa mtoto. "Na wewe, cherie, mama yako iko wapi?"

Mkawasi alitafuna kwanza akamaliza. "Mama hayuko," akasema. "Dada Mghoi anaenda Kanada. Ataniletea mdoli."

Mama Furaha alinitazama tena kwenye kioo, na safari hii hapakuwa na gazeti la kujifichia. Nilimlipa, akanirudishia chenji bila kuhesabu, na njia nzima ya kurudi Mkawasi aliniuliza kama mdoli wa Kanada anajua Kiswahili.

Unaelewa ninachokuambia. Mtoto usiyemtaja unapoingia nchi ile, siku ukitaka kumwita watakuuliza alikuwa wapi siku zote. Watapanga karatasi zako mezani, zote zina saini yako. Na cheti chake cha kuzaliwa, kilichotolewa hapahapa Durban, kina jina la mama, na jina hilo ni lako. Mimi siko popote kwenye karatasi ile. Kwa hiyo kwenye karatasi zako yeye hayuko, na kwenye karatasi zake mimi siko. Mimi nina miaka hamsini na tatu na presha. Nikianguka, huyu ni mtoto wa nani?

Na kila mwaka fomu ya kodi itakuuliza. Mtoto anayeishi nawe chini ya paa moja kule ana posho yake ya kila mwezi. Mzazi aliye peke yake hupewa kwa ajili ya mtoto nafuu ileile ambayo wengine hupewa kwa ajili ya mke. Anayemtunza ukiwa kazini ni punguzo. Vyote hivyo vimeandikwa, vinangoja jina. Lakini sikuambii kwa ajili ya pesa. Nakuambia kwa sababu mwaka wa kwanza utaandika sifuri na itakuuma. Mwaka wa pili itakuuma kidogo. Mwaka wa tatu utagundua kwamba unaipenda. Utakuwa msichana wa miaka ishirini na sita asiye na mtu, watu watakuuliza bado tu, nawe utacheka. Hapo ndipo ninapoogopa. Baridi siiogopi, wala wanaume.

Usinielewe kwamba nakulaumu. Hasira yangu haina mwingine wa kumwendea, nimeitafutia mtu siku tatu hizi na kila mara inarudi kwenye kiti hiki. Wajomba wamekufa. Bi Marta alifanya kazi yake. Hata wale wa uhamiaji niliowasema vibaya miaka yote hii mbele yako, ukawachukia kwa ajili yangu, walinisoma jinsi nilivyojiandika.

Nimeuliza. Jana nilipita kwa wakala wa tiketi. Inaweza kusogezwa, kuna faini, nitailipa. Jumatatu unaweza kuwapigia waliokupa hizo karatasi ukawaambia kuna mtoto. Watachelewesha. Wanaweza kukasirika, wanaweza hata kukunyang'anya nafasi, sitakudanganya kwamba najua. Au unaweza kupanda ndege kesho, na afisa wa mwisho kule atakapokuuliza kama kuna mtu hukumtaja, umwambie yupo, na upokee watakalosema. Au unaweza kumwambia hayupo. Siwezi kukuchagulia. Nilikuchagulia mara moja nikiwa nasoma gazeti.

Nakiri jambo jingine. Nilikusudia kukupa barua hii kesho kwenye mlango wa abiria, pale ambapo usingeweza kurudi kuniuliza. Nilishaipangia mfuko wa koti lako. Ndivyo nilivyo, baba yako, naruka maswali hata nikiungama. Lakini nimebadilisha. Nitaiweka kitandani kwako kabla hujarudi, nami nitakuwa hapa mezani, sitatoka nje kuvuta hewa. Uliza unachotaka. Ukitaka kunitukana, nitukane, ila kwa sauti ya chini, mtoto hajazoea.

Kuna jambo dogo limeniuma kuliko yote, utaniona nimechanganyikiwa. Unajua kwetu babu humwita mjukuu wake wa kike mke wangu, na bibi hujifanya anaona wivu, na watu hucheka. Mimi nimejinyima hata utani huo. Baba hawezi kumwita binti yake mke. Angekuwa mjukuu wangu mbele za watu ningemwita hivyo kila Jumapili uani kwa kanisa, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: Mkawasi, mke wangu. Miaka mitatu neno hilo nimelimeza. Na kwa mwenye jina mwenyewe sikuwahi kulitamka mahali lilipohitajika.

Ameamka. Amekuja analiburuta begi lako, ananiuliza, "Baba, unaandika nini?" Nimemwambia, "Mimi ni babu." Amecheka sana, anadhani ni mchezo. "Hapana! Wewe baba." Nimemwambia tena. Safari hii hakucheka. Amenitazama, kisha amelirudisha begi mpaka mlangoni, amekaa juu yake, anamngoja dada yake.

Ndani ya bahasha hii nimetia karatasi mbili. Moja ni nakala ya fomu yangu ya kwanza ya kodi, yenye mstari mtupu. Hiyo ni yako, uiweke mahali utakapoiona kila mwezi wa tatu. Ya pili ni cheti cha kuzaliwa cha Mkawasi. Hicho ni cha kumwonyesha afisa, ukiamua, popote utakapoamua.

Karatasi ya kodi uliyoniomba imeishia kwenye wategemezi. Kuanzia hapo sina la kukufundisha.

Ni mimi baba yako,
babu yake Mkawasi.